Jogoo wa Kukomboa Fila

Mtambo wa Maji Kwamadule,
Handeni.
6 Julai 1975

Mtani wangu Isaka Kaleb, Msambaa wa Vugiri,

Salamu nyingi. Mimi mzima, mke wangu Mashavu mzima, mtambo unanguruma. Ulipoondoka juzi nilidhani utafika Korogwe umekauka kama ng'onda, maana jua letu la Handeni halina huruma na watu waliozoea ukungu.

Barua hii naiandika kwa mkono wangu mwenyewe. Mwalimu wa kisomo amesema nimefaulu na sina haja tena ya kuandikiwa. Basi barua ya kwanza ya maisha yangu imekwenda kwa Msambaa. Wazee wangu huko makaburini wanasikitika.

Nina neno. Miaka kumi na miwili nimeulea mtambo huu. Mafundi wa serikali walipokuwa hawaji, nilikuwa naufungua mwenyewe, nafunga mwenyewe, na maji yanafika Handeni mjini. Leo Idara ya Maji imewapa ninyi wa ushirika kazi ya matengenezo kwa mkataba, nawe umekuja kufunga vifuniko vyote kwa waya na lakiri, eti Mbwana asiguse. Nimebakiwa na kuwasha, kuzima na kuandika daftari.

Kwa hasira hiyo nimejilipa. Nina kitu chako, Isaka. Hukioni tena mpaka uniletee jogoo mwekundu wa milimani, mwenye kilemba kikubwa. Usilete tetea ukadhani sijui tofauti.

Binti yetu Mwaija amehamia kijiji kipya cha Kang'ata na mumewe, na ana mimba ya miezi minane. Bomba lililofika pale linanywa kutoka hapa kwangu. Kwa hiyo nitukane upendavyo, lakini mtambo usiuache ukalala.

Mtani wako Mzigua mwenye akili,
Mbwana Mdoe


Ushirika wa Mafundi Juhudi,
Masuguru, Korogwe.
14 Julai 1975

Mzee Mbwana,

Shikamoo. Baada ya shikamoo, heshima imekwisha.

Mwandiko wako nimeuona. Nilidhani kuku amepita kwenye wino. Mke wangu Agripina ndiye aliyenisomea, akacheka mpaka chai ikamwagika.

Jogoo hupati. Mwezi Mei nilipokuja kuukagua mtambo ulisema umekamata kivuli changu, nikikitaka nilete mapeasi kikapu kizima. Safari iliyofuata ukasema akili yangu iko chini ya mtungi wa Mama Mashavu. Hicho kitu kipya nacho kiweke hapo hapo mtungini, vikae pamoja.

Sasa nisikilize kidogo, Mzee. Mkataba huu ni wa majaribio ya miezi sita. Umeandikwa kwamba mtambo ukisimama zaidi ya siku mbili kwa uzembe wa fundi, mkataba unavunjika. Tuko mafundi kumi na wawili hapa. Wengi wetu tulikuwa karakana ya shamba la mkonge, na kazi ilipopungua tulikaa nyumbani tukitazamana na wake zetu. Kwamadule ndiyo kazi yetu kubwa ya kwanza. Nikilala nauota huo mtambo wako.

Mimi naja mara moja kwa mwezi, wewe uko nao kila siku. Ukisikia sauti yake imebadilika, niandikie upesi.

Mtani wako anayekulisha,
Isaka Kaleb


Kwamadule, Handeni.
24 Agosti 1975

Mtani wangu Isaka,

Juma lililopita ulikuja ukafanya kazi ukaondoka, na hukunitukana hata mara moja. Mashavu alikupikia bada, ugali wetu wa muhogo, na samaki, ukasema umeshiba. Msambaa ameshiba! Nimekaa siku nne najiuliza kama umefiwa.

Habari njema: Mwaija amejifungua mtoto wa kiume. Amekwenda bombani Kang'ata na ndoo yake siku ya saba tu, anatamba mbele ya wenzake kwamba maji hayo anayapeleka baba yake. Nimempa mtoto jina la marehemu baba yangu, Sadala.

Habari nyingine ni ya mtambo. Tangu uondoke una mlio mpya, kama mtu anagonga mlango kwa kidole: tak, tak, tak. Asubuhi unagonga pole pole, mchana unagonga kwa hasira. Mimi nasema unabisha hodi kumwulizia jogoo wangu. Mlete anyamaze.

Na kile kitu chako nimekiweka sandukuni, ndani ya kanzu ya Idi. Kinalala vizuri kuliko mwenyewe. Mwezi wa pili sasa, na hujakililia! Mtani gani wewe?

Mbwana Mdoe


Masuguru, Korogwe.
14 Septemba 1975

Mzee Mbwana,

Shikamoo. Leo sitanii, na nakuomba usinitanie. Nimemaliza wiki tatu nikianza barua hii na kuichana.

Nina kifaa kinachoitwa fila. Ni vibamba vya chuma vyembamba vilivyofungwa pamoja, vinafunguka kama kisu cha kukunja, kila kimoja na unene wake. Ndicho kinachopima nafasi ya valvu. Nafasi ikizidi, valvu inagonga, ikipungua, inaungua. Nilipewa na mwalimu wangu wa karakana siku anastaafu, na hapa Korogwe sijaona nyingine. Dar es Salaam tumeandika, wanasema hakuna.

Mwisho wa Julai nilifungua mkoba wa ngozi wa hiyo fila, nikakuta kipande cha muhogo mkavu. Kisanduku changu cha vifaa kilikuwa kimekaa karakana wiki tatu nzima. Unamjua Salimu? Ni Mzigua mwenzenu, mtu mzima mwenye watoto watano, na ni mtani wangu tangu shambani. Muhogo mkavu humwishi mfukoni. Nikacheka, nikamwambia lete. Akasema hajui. Siku ya pili nikamwambia, Salimu, sasa nauliza kweli, utani nimeuweka chini. Akaapa kwa Mungu kwamba hajui.

Wewe unajua desturi yetu. Mtani akiulizwa bila mzaha, hutoa kitu. Asiyetoa si mtani tena. Nikapeleka shauri kwenye mkutano, na mimi ndiye niliyenyoosha mkono wa kwanza. Tumemfukuza. Mkewe akikutana na Agripina sokoni anageuza uso.

Sasa jambo la pili, na hili ofisi ya Idara wasilijue. Mtambo wako mwezi Agosti niliupima kwa nyembe za kunyolea. Nilipanga nyembe juu ya nyembe nikakisia. Ndiyo maana sikuweza kula chakula cha Mama Mashavu. Nilikuwa naona haya.

Ule mlio wa tak tak, ulikuwa mzaha au ni kweli? Niambie ukweli, Mzee. Ukisema ni kweli, nitapanda basi siku hiyo hiyo, niuzime, niende kwa Bwana Maji, mkuu wa Idara, nikamweleze, litakalokuwa na liwe. Ukisema ulikuwa mzaha nitangoja, maana kuna mtu Tanga ameniahidi kuniazima fila yake mwezi ujao.

Nakungoja wewe tu.

Wako,
Isaka Kaleb


Kwamadule, Handeni.
21 Septemba 1975

Ndugu Isaka,

Barua yako nimeipata. Mtambo unakwenda vizuri. Ule mlio nilikuwa nafanya mzaha.

Hapa hatujambo.

Mbwana Mdoe


Masuguru, Korogwe.
26 Septemba 1975

Mzee Mbwana,

Shikamoo, na shikamoo tena. Barua yako ni fupi kuliko zote na ndiyo niliyoipenda kuliko zote. Nimeisoma nikiwa nimesimama posta, nikakaa chini pale pale kwenye ngazi. Agripina anasema nimekula kama mtu aliyetoka hospitali.

Basi nitakuja tarehe kumi na tano Oktoba na fila ya yule mtu wa Tanga. Mpaka hapo mtambo uko mikononi mwa Mzigua, Mungu ausaidie.

Niliwahi kumwambia mke wangu kwamba nina watani wawili, mmoja wa kweli na mmoja mwizi. Wewe umebaki.

Isaka


Kwamadule, Handeni.
2 Oktoba 1975

Mwanangu Isaka,

Mimi ni Mashavu, mke wa Mzee Mbwana. Ananiandikia mwalimu wa kisomo. Natumaini simu ya upepo ya Idara imekufikia kabla ya barua hii, lakini yaliyo nyumbani kwangu simu haiwezi kuyasema.

Mtambo ulipasuka Jumatatu saa nne asubuhi. Mlio ulikuwa kama sufuria limeanguka kwenye saruji, kisha kimya. Miaka yote hii sikuwahi kusikia kimya cha namna ile mchana. Watu wa Handeni wamerudi kwenye malambo. Mwaija amefika jana kwa miguu kutoka Kang'ata na mtoto mgongoni. Walikuwa wanachota kwenye kisima cha mchanga pamoja na ng'ombe, na mtoto anaharisha. Tumempeleka zahanati, wamempa dawa, leo amenyonya.

Mzee hajala tangu Jumatatu. Tangu barua yako ile ndefu alikuwa amebadilika. Alikuwa anaukalia mtambo kutwa, anaukandamiza kwa kiganja kama mtu anamtuliza mgonjwa. Nikimwuliza ananiambia nyamaza. Leo alfajiri amefungua sanduku, akatoa kitu ndani ya kanzu yake ya Idi, akakifunga kwenye leso na kupanda basi la Korogwe. Hakuaga. Amesema tu, "Mashavu, mimi nimeharibu."

Kama amefika kwako, mpe uji. Ni mtu mzima, asikae na njaa. Na kama amekosa, mwanangu, mwambie mwenyewe usoni, usimwache akarudi bila neno.

Mama yako,
Mashavu


USHIRIKA WA MAFUNDI JUHUDI
Masuguru, Korogwe.
13 Oktoba 1975

Ndugu Mbwana Mdoe,
Mwendesha Mtambo,
Kwamadule, Handeni.

Yah: KUSIMAMA KWA MTAMBO

Kwa barua hii unaarifiwa kwamba mtambo ulisimama kuanzia tarehe 29 Septemba hadi tarehe 4 Oktoba 1975, yaani siku sita. Sababu iliyoandikwa katika taarifa ni kwamba fundi mkuu alitumia kipimo kisichofaa. Fundi mkuu amekubali kosa.

Mkataba wa matengenezo umevunjwa kuanzia mwisho wa mwezi huu. Tafadhali wakabidhi maofisa wa Idara funguo za stoo ya ushirika.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
I. Kaleb
Fundi Mkuu


Kwamadule, Handeni.
19 Oktoba 1975

Mtani wangu,

Niruhusu nikuite hivyo mara moja hii. Barua yako ya mashine ya chapa nimeisoma mara nyingi kutafuta jina langu ndani ya kosa. Halimo.

Mlipokuja kutengeneza, wewe na Salimu, mlikaa hapa siku mbili mnafungua na kufunga. Salimu aliniomba maji ya kunywa. Wewe hukuniomba kitu. Nilisimama mlangoni nikingoja unitukane. Ulipita karibu yangu ukasema, "Samahani, Mzee, naomba nipite." Samahani! Afadhali ungenipiga na spana.

Sasa nakwambia nilichoshindwa kukwambia kwa mdomo. Nilikichukua kile kitu Julai ulipokwenda kunawa mikono. Nilidhani ni kisu butu cha kukunja. Nikaweka muhogo ndani, mkoba usiwe mtupu, ili ukifungua ujue ni Mzigua. Sikujua kuna Mzigua mwingine kwenu. Nilikwambia katika barua ya kwanza na ya pili kwamba ninacho, na kila siku nilikuwa nikichungulia barabarani kama jogoo anakuja.

Ulipouliza bila mzaha, nilikuwa na kalamu mkononi na jibu nilikuwa nalo. Nikaogopa. Nilijiambia, nikisema kitu kiko kwangu, Idara itaniondoa, maana imeandikwa mwendesha mtambo asiguse vifaa vya fundi. Nikaona nyumba hii ya Idara, nikamwona Mashavu na mizigo yake barabarani. Nikajidanganya kwamba mvua za vuli ziko karibu, mtambo utafika. Nilitaka niirudishe fila siku utakapokuja, niitie kisandukuni kimya kimya. Mlio nilikuwa nausikia. Siku naandika kwamba ulikuwa mzaha, ulikuwa unagonga nyuma ya mgongo wangu.

Nilipofika Korogwe nilikwenda kwanza kwa Salimu. Nilimpa leso mkononi, nikapiga magoti mbele ya watoto wake. Kwako sikuweza. Miguu ilinirudisha kwenye basi.

Nimeamua kwenda kwa Bwana Maji nikaseme. Lakini kwanza niandikie. Niite mwizi, niite mbwa, niite lolote. Ila usiniite Ndugu Mbwana Mdoe.

Mbwana


Vugiri, Korogwe.
2 Novemba 1975

Mzee Mbwana,

Shikamoo.

Naandika kutoka Vugiri. Nimerudi kwa baba yangu, napalilia kahawa na viazi. Ushirika haujafa, umebaki na kazi za baiskeli na cherehani, na kwa kazi hizo mafundi kumi na wawili ni wengi mno. Niliona mimi ndiye wa kwanza kuondoka, kwa kuwa mimi ndiye niliyenyoosha mkono wa kwanza siku ile ya Salimu.

Unauliza kwa nini sikukutaja. Ningekutaja kwa kosa gani? Kitu anachochukua mtani si wizi. Baba yangu hakumshtaki Mzigua aliyemchukulia mbuzi wa harusi, nami siwezi kuanza. Uliniandikia kwamba unacho, na mimi nilicheka. Nilikuwa na barua yako mfukoni nilipokuwa namwita Salimu mwizi. Hilo ni langu, nimelibeba. Aliponiletea fila ndani ya leso yako, nilisimama mbele ya mkutano nikamwomba radhi kwa sauti. Alinijibu, "Yamekwisha, Msambaa," lakini hakunitukana kama zamani. Idara imemwajiri yeye awe fundi wa Kwamadule, na fila nimempa. Kwa hili nimefurahi.

Mwezi wote wa Oktoba sikukuchukia kwa ajili ya fila. Ninachoshindwa kukimeza ni ile karatasi ya tarehe 21 Septemba. Nilikuuliza kweli na wewe ukanijibu uongo. Nilikaa chini kwenye ngazi za posta kwa furaha, Mzee. Kila nikiikumbuka ile ngazi naona aibu kama mtu aliyecheka msibani.

Sijui kama nitaweza kukutania tena. Nimejaribu leo, nimekosa neno.

Lakini deni la utani hulipwa hata likichelewa. Salimu akija Jumatano atakuletea jogoo mwekundu. Nimemchagua mwenyewe. Kilemba chake ni kikubwa.

Mtoto Sadala anaendeleaje?

Isaka


Kwamadule, Handeni.
16 Novemba 1975

Mwanangu Isaka,

Mimi tena Mashavu, kwa mkono wa mwalimu. Mzee ana kalamu na karatasi, anakaa navyo mpaka wino unakauka.

Mtoto Sadala hajambo, amenenepa. Mwaija amerudi Kang'ata na bomba linatoa. Mtambo sasa hausikiki ukigonga. Salimu anakuja, anafanya kazi yake, anakula bada yangu.

Mzee alikwenda kwa Idara kama alivyokuahidi. Alivaa kanzu yake ya Idi, akasimama mbele ya meza ya karani Dunstan, akasema: "Kipimo cha fundi nilikichukua mimi. Mtambo umevunjika kwa ajili yangu. Andika." Dunstan alimtazama, kisha akacheka mpaka akafuta machozi. Akawaita wenzake chumba cha pili waje wasikie. "Huyu Mzee Mbwana na Wasambaa wake! Hata mkataba umevunjika bado anatania!" Mzee akarudia neno kwa neno. Wakazidi kucheka. Wakampa chai, wakamsindikiza mpaka mlangoni wakimpiga mgongoni. Amerudi nyumbani hana kovu wala barua ya kufukuzwa, na tangu siku hiyo sijamsikia akimtania mtu yeyote.

Jogoo amefika salama. Nilinoa kisu, Mzee akanizuia. Amemfunga kamba mguuni mlangoni mwa nyumba ya mtambo, anampa mahindi mwenyewe. Amesema hatachinjwa mpaka uje ukae hapa, umtukane kwa mdomo wako, ule naye.

Jogoo anazeeka, mwanangu. Nyama inakuwa ngumu. Basi la Handeni linaondoka Korogwe kila siku saa mbili asubuhi.

Mama yako,
Mashavu